Kutoka mfumo wa tiketi za mabasi Mbezi mpaka kazi ya IT Berlin, nasimulia nilivyopita (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za humu. Kuna uzi mwingine wa ajira niligusia kwamba nipo Berlin nafanya mifumo ya malipo, tangu siku ile PM imejaa maswali yanayofanana na wengi mnaomba koneksheni, kwahiyo nimeona niandike kila kitu hapa halafu mwenye swali aulize. Mimi ni dada, nasema mapema. Nitaandika kwa vipande kila nikitoka kazini, mnivumilie.

Kuna kitu kimoja naona hakisemwi kabisa kwenye nyuzi za kutoka nje: kilichonitoa Dar ni kazi ya Dar. Zile tabu za nyumbani, mtandao unakatika, hela ya simu inachelewa, abiria wanagombania kiti mwezi wa 12, ndo nilizitatua, nikaziandika, na ndo hizo mwajiri wa huku alitaka kusikia. Vijana wengi wanaficha kazi hizo kwenye CV wanaona za kishamba, wanaweka programu walizoiga kwenye video. Inaniuma sana hii ndo maana naandika.

Mimi ni mtoto wa Mbeya, nimesoma kule mpaka form six, PCM, chuo nikaja Dar kwa mkopo wa bodi. Chuoni Java tuliisoma kwenye karatasi kuliko kwenye mashine, mashine zilikua chache watu wengi, kwahiyo kuprogramu nilijifunza hosteli na laptopu ya mtumba ya Kariakoo, bando la usiku nashusha masomo, mchana nayafanyia kazi. Kazi ya kwanza ilikua ofisi moja Sinza, tunatengeneza tovuti za shule kwa PHP, mshahara ukija umekuja. Sitakaa sana hapo. Nikahamia ofisi ya tiketi za mabasi za mtandaoni na hapo ndo maisha yangu ya kazi yalianza kweli.

Naendelea kesho.

#2 Mdau wa Kahama

Nimekaa mkao wa kula, weka nyama dada usituache njiani kama wale wengine.

#3 Mleta uzi

Tuendelee. Mfumo wa tiketi za basi ukiuangalia unaona mwepesi, basi lina viti hamsini na kitu, abiria anachagua kiti, analipa kwa simu, anapata meseji. Sasa subiri mwezi wa 12 watu wanapanda kwenda Moshi na Arusha, basi la kesho linajaa dakika chache tu.

Abiria anachagua kiti, mfumo unakishika kwa muda mfupi ili alipe, simu yake inaleta ule ujumbe wa kuweka namba ya siri, anaweka, hela inakatwa, ila jibu la muamala kutoka kampuni ya simu halijafika kwenye sava yetu. Muda wa kushika kiti unaisha, kiti kinaachiwa, mtu mwingine anakinunua na yeye analipa vizuri tu. Baadae kidogo lile jibu la kwanza linaingia linasema imelipwa. Hapo una watu wawili wamelipia kiti kimoja, na wote alfajiri wapo stendi ya Magufuli pale Mbezi wamebeba mabegi na watoto. Na kuna yule akiona kimya anabonyeza tena anakatwa mara mbili, anapiga simu ofisini analia maana ile ya pili ilikua hela ya kula njiani.

Nilikaa na hili tatizo muda mrefu mpaka naliota. Tulichofanya ni hivi. Kila oda inapewa namba ya kumbukumbu ambayo haijirudii, na abiria akibonyeza tena mfumo unatumia namba ile ile, hautengenezi ombi jipya. Databesi yenyewe inakataa kuandika malipo mawili ya namba moja, hata kama programu imepitiwa databesi haipitiwi. Halafu kiti kikishaombewa malipo hakiachiwi kwa sababu tu muda umeisha, kwanza tunaiuliza kampuni ya simu, huu muamala umefanikiwa, umeshindikana au bado? Likija jibu la "bado" tunasubiri, tunauliza tena kwa kuachia nafasi kati ya swali na swali, hatuwabombardi. Na kila usiku tunalinganisha mahesabu yetu na yao mstari kwa mstari, kilichozidi kinarudishwa kwa mwenyewe asubuhi bila kusubiri alalamike.

Wale wa USSD, zile menyu za nyota na reli kwenye simu, mnajua kuna tabu nyingine juu ya hizo, menyu nzima haizidi herufi 182 na ukizubaa tu inakatika, kwahiyo unajifunza kusema jambo kwa maneno machache na kuhifadhi kila hatua mtu aliyofikia ili akirudi asianze mwanzo. Hakuna kozi ya mtandaoni iliyonifundisha hayo, nilifundishwa na simu za abiria.

Sasa sehemu ya kujiendeleza, na hii ndo naomba msiiruke. Kila Ijumaa nilikua naandika ukurasa mmoja kwa kingereza: nini kiliharibika wiki hii, kwanini, tumefanya nini, nini bado hatujakielewa. Hakuna aliyeniagiza. Mwanzoni kingereza kilikua kizito maana kuongea na kuandika ni vitu tofauti, ila baada ya miezi naona kichwa kinapangika, nikikaa kwenye kikao naeleza tatizo mwanzo mpaka mwisho watu wanaelewa. Baadae nikatengeneza mfano mdogo kabisa wa mfumo wa viti kwa lugha ya Python na Django, ambayo ni zana ya Python ya kutengenezea tovuti, data za kutunga, hamna siri yoyote ya ofisi, nikauweka GitHub, tovuti ambayo watu wanaweka programu zao wazi, pamoja na maelezo marefu ya kwanini kila kitu kipo kilivyo. Maelezo yalikua marefu kuliko programu yenyewe. Hayo maelezo ndo koneksheni yangu wakuu, sina nyingine.

#4 Mdau wa Tabata

Mkuu hii inanukia chai. Watu wanatoka kwa mawakala na kwa ndugu, wewe unasema maelezo ya viti vya basi yamekupeleka Ujerumani? Haya endelea.

#5 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Tabata sina sababu ya kukutengenezea stori, nisome mpaka mwisho uamue mwenyewe.

Novemba 2023 DjangoCon Africa, mkutano wa watu wanaotumia Django, ilifanyika Zanzibar, ndo ilikua ya kwanza Afrika. Nilipanda boti nikaenda, kuna muda wa watu kusimama kuongea dakika chache nikajiandikisha, nikaeleza watu wawili na kiti kimoja. Nilipotoka watu wakanifuata kuuliza, mmoja wao anafanya malipo ya benki Ulaya akaniambia huku kwao benki nazo zinachelewa kujibu, tatizo ni lile lile, ila wao wana timu nzima inayolishughulikia. Nikarudi Dar nikabadilisha CV yote. Ukurasa mmoja, mistari ya kwanza ni viti vya basi na malipo ya simu, orodha ya lugha za kompyuta ikaenda chini kabisa.

Maombi nilituma mengi, majibu mengi yalikua hapana au kimya, hilo msidanganyike. Nilikua nachagua kampuni za malipo, usafiri na tiketi tu, sehemu ambayo wakisoma shida yangu wanaiona ni yao. Intavyuu iliyonipa kazi, yule fundi wao alinipa karatasi yenye kisa cha benki isiyojibu kwa wakati akasema tutengeneze pamoja. Nilimuuliza maswali mengi kabla sijaandika chochote, jibu likija mara mbili? likija kesho? nani anamrudishia mteja? Baadae aliniambia maswali yale ndo yaliyompa uamuzi.

Sasa makaratasi, na nitaeleza kwa kirefu maana mawakala wanakula hela za watu kwenye vitu ambavyo vipo wazi.

Kuna kibali kinaitwa Blue Card cha Umoja wa Ulaya. Ujerumani wanataka uwe na mkataba wa kazi, mshahara usiopungua kiwango wanachotangaza kila mwaka, na degree inayotambulika. Kwa IT kiwango ni cha chini kuliko kazi nyingi nyingine kwa sababu wana upungufu wa watu, 2024 nilipoomba mimi ilikua yuro 41,041.80 kwa mwaka kabla ya makato, 2025 ikapanda 43,759.80. Chuo chako unakiangalia kwenye databesi yao inaitwa anabin, bure kabisa, ukikuta H+ (maana yake chuo kinatambulika) na degree yako ipo unachapa kurasa hizo unaenda nazo. Degree kama haipo unaomba tathmini kwa ofisi yao ya ZAB, yuro 208. Viza yenyewe yuro 75, ubalozi upo Umoja House pale mjini. Pasipoti Uhamiaji 150,000. Ukijumlisha na ndege na hela ya kuanzia maisha ni nyingi kwa mshahara wetu, mimi nilikua na akiba na kampuni ilirudisha nauli, ila hamna popote kwenye huo mlolongo pa kumlipa mtu "wa ndani". Mwajiri wa kweli hakuombi hela. Akiomba hata elfu hamsini ya "kushughulikia faili" funga mazungumzo.

#6 Mdau wa Nairobi

Sasa dada, nakusoma kutoka Nairobi. Hapa kwetu tangu Kenya na Ujerumani wasaini ile makubaliano ya wafanyakazi ya Septemba 2024 kila ajenti amebandika Ujerumani kwa mlango. Watu wakaambiwa kuna nafasi 250,000, serikali ya Ujerumani wenyewe wakasema hiyo namba si ya kweli, lakini mpaka leo kuna jamaa bado wanalipia. Asante kwa kuweka bei wazi. Swali langu, mimi sina degree, nimefanya bekendi, ile programu ya upande wa sava, miaka tano kazini. Niko na nafasi?

#7 Mleta uzi

Karibu sana jirani. Ndio unayo, na hii wengi hawaijui. Sheria yao ilibadilika Novemba 2023, mtu wa IT anaweza kupata Blue Card bila degree kama ana uzoefu wa miaka 3 ndani ya miaka 7 ya mwisho, kazi ya kiwango cha mtu aliyesoma chuo, na mkataba ufike kile kiwango cha mshahara. Shida inakua ushahidi. Kuanzia leo kusanya mikataba yako, barua za waajiri zinazoeleza ulifanya nini hasa, hati za mshahara. Barua ya "alikua mfanyakazi mwema" haina msaada, iandike wewe rasimu yenye kazi ulizofanya mwajiri aikague asaini.

Kuna pia Chancenkarte ilianza Juni 2024, hiyo unaenda kwanza unatafuta kazi ukiwa kule mpaka mwaka mmoja. Mimi kwa mtu wa hali yetu siipendi. Inabidi uonyeshe hela ya kujikimu, 2025 ilikua yuro 1,091 kwa kila mwezi, zidisha kwa 12, ni zaidi ya milioni 30 za kwetu zikae zimefungwa benki, na usipopata kazi umerudi na umezila. Ukiwa na uzoefu wa kweli tafuta kazi ukiwa nyumbani.

#8 Mdau wa Kahama

Tuambie maisha ya huko sasa. Mshahara unatosha? Baridi? Ubaguzi?

#9 Mleta uzi

Mshahara niuweke hivi, mtu asiye na familia akiandikiwa yuro 4,500 kwa mwezi mkononi inaingia elfu mbili na mia nane na kitu. Inakatwa kodi ya mapato, pensheni 18.6% mnagawana nusu kwa nusu na mwajiri, bima ya afya 14.6% na nyongeza kidogo juu nayo mnagawana, bima ya kukosa kazi, bima ya kutunzwa ukizeeka au ukiugua. Halafu Wakatoliki na Walutheri, siku ya kujiandikisha makazi wanakuuliza dini, ukijaza Berlin unakatwa 9% ya ile kodi yako inaenda kanisani. Mimi ni KKKT nilijaza na sijajuta, ila ujue kabla usishangae.

Kujiandikisha makazi ni ndani ya wiki 2 ukishahamia, na bila hiyo hupati namba ya kodi, bila namba ya kodi mshahara unaweza kukatwa kwa daraja la sita ambalo ndo kali kuliko yote. Sasa ili ujiandikishe unahitaji barua ya mwenye nyumba, na nyumba Berlin ni vita, mwenye nyumba anataka hati za mshahara wa Ujerumani ambazo wewe umefika juzi huna. Kwahiyo kabla hujasaini mkataba wa kazi muombe mwajiri akupe chumba cha kufikia chenye ruhusa ya kujiandikisha, na ukipate kwa maandishi. Hili moja tu litakuokolea miezi ya mateso. Amana ya nyumba kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, anayetaka zaidi muepuke.

Baridi inavumilika ukinunua koti la maana. Giza ndo lilinipiga, Desemba saa kumi kasoro jua limeshazama, na asubuhi saa mbili jua bado halijatoka, wiki nzima unaenda kazini gizani unarudi gizani. Nilianza kukosa usingizi na hamu ya kuongea na watu. Kilichonisaidia ni kutoka ofisini mchana kila siku kutembea hata kama kuna mvua, na kwaya ya Waswahili Jumapili, wapo Watanzania, Wakenya, Wakongo wa Bukavu na Goma, Warundi, tunaimba kiswahili tunapika. Msikae wapweke, naomba sana, nimeona mtu mwenye akili nyingi anarudi nyumbani amevunjika kwa sababu ya upweke tu.

Ubaguzi upo, zaidi kwenye kutafuta nyumba kuliko ofisini kwa upande wangu. Ila kuna siku nilienda Wedding, sehemu ya Berlin, kuna eneo lenye mitaa ya majina ya Afrika, kuna Sansibarstraße, na mmoja ulikua na jina linalohusishwa na Carl Peters, yule Mjerumani wa enzi za ukoloni aliyemwaga damu ya watu wetu kule Kilimanjaro, watu wa huku weusi na weupe wamepigania miaka mingi mpaka Agosti 2024 kipande chake kikaitwa Maji-Maji-Allee. Nilisimama pale chini ya kibao nikampigia baba video, alikaa kimya akaniomba nisogeze kamera asome vizuri.

#10 Mdau wa Tabata

Sawa dada nimekubali, haya sio ya kutunga. Kazini je, tofauti ni nini? Na hii akili mnemba si itawarudisha wote?

#11 Mleta uzi

Shukrani kaka.

Kazini kilichonibadilisha ni jinsi wanavyokagua kazi. Huandiki kitu kikaenda kwa wateja bila mwenzako kusoma mstari kwa mstari na kuacha maswali yake kwa maandishi. Wiki za mwanzo nikiona maswali mengi moyo unadunda, nyumbani bosi akikuuliza sana maana yake umeharibu. Huku fundi mkuu wa miaka ishirini naye anaulizwa, na mimi wa juzi nategemewa nimuulize. Nisipouliza ndo wanaona sijasoma. Tumekulia kwenye heshima ya kutomkatiza mkubwa, naipenda na sitaiacha kwa wazazi wangu, ila kwenye kazi ya malipo kunyamaza kunamgharimu mteja hela yake. Nilianza kwa kuandika kabla ya kusema, naandika swali langu kikao hakijaanza, nalisoma vile vile. Sasa naongea tu.

Kijerumani nasoma jioni Volkshochschule, vyuo vya umma vya watu wazima, bei nafuu. Ofisini tunatumia kingereza na ungeweza kukaa hivyo, ila ukiwa na Blue Card na kijerumani cha B1 unaweza kuomba makazi ya kudumu baada ya miezi 21, ukiwa na A1 ni 27. Uraia sitaki kwa sasa, Ujerumani wameruhusu uraia pacha tangu Juni 2024 ila Tanzania yetu hairuhusu, na mimi pasipoti yangu siitoi.

Akili mnemba imebana sana kazi za wanaoanza, matangazo ya watu wasio na uzoefu yamepungua nikilinganisha na nilipokua natafuta, na mengi yanataka kijerumani. Inaandika programu haraka kweli, tunaitumia kila siku. Ila ukiiambia itengeneze malipo inakuandikia ile njia nyepesi ambayo kila kitu kinajibu kwa wakati. Kujua kwamba jibu linaweza kuja kesho, au mara mbili, au lisije kabisa, na yupo mama Mbezi anasubiri, hiyo umeipata kwa kuishi nayo. Kwahiyo kijana uliyepo Dar, Mwanza, Lubumbashi popote, mifumo ya vikoba, ya maduka ya dawa, ya luku, ya control number, hiyo ndo shule, kaa nayo karibu.

#12 Mdau wa Mbeya

Dada yangu wa nyumbani, shikamoo. Nina mfumo wa mizani ya kahawa wa chama cha ushirika huku, unafanya kazi bila intaneti halafu unatuma data mtandao ukirudi. Nimeandika maelezo kurasa mbili nimekutumia PM, naomba unikosoe bila huruma.

#13 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu, nimeyasoma usiku wa jana. Kazi yako ni nzuri na ni ngumu kuliko unavyoiandika, umetumia aya nzima kueleza umetumia Django na PostgreSQL, hiyo futa ibaki mstari mmoja. Halafu sehemu ya maana umeipitia juu juu: karani akipima gunia mtandao haupo, na mwenzake kwenye simu nyingine akarekebisha uzito wa gunia lile lile, mtandao ukirudi nani anaaminiwa? Umeandika "mfumo unachagua ya mwisho". Ya mwisho kwa saa ya simu gani? Saa za simu zinatofautiana, na mkulima analipwa kwa uzito huo. Kama umeshalitatua eleza ulivyolitatua, kama bado andika wazi kwamba bado na unafikiria nini. Weka pia mkulima anafanyaje akiona uzito sio wake, nani anampa risiti, anaweza kupinga mpaka lini.

Rekebisha unitumie tena, Jumamosi nina nafasi. Na huyo wa Nairobi kama unasoma, nitumie na wewe ya kwako.